Kuhusu Risasi Iliyonizuilia Likizo

Ndugu Katibu wa Klabu ya Wawindaji na Walenga Shabaha,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na bega lako lililopigwa na teke la bunduki limepoa. Mimi ni yule mvuta shabaha wa handaki namba mbili, mwenye kofia ya bluu, ambaye siku ya kwanza uliniita "kijana" ingawa nakuzidi umri. Sikukasirika. Naandika kwa kalamu ya kuazima kantini, kwa hiyo wino ukikatika katikati ya neno usidhani ni hasira.

Shule niliishia darasa la sita, lakini tangazo nalisoma. Tangazo lako la ubaoni linasema hakuna mfanyakazi wa uwanjani atakayekwenda likizo mpaka kamati ichague risasi moja ya kutumiwa na klabu nzima, kwa kuwinda na kwa kulenga mbali. Likizo yangu ilikuwa ianze wiki ya kwanza ya majaribio. Sasa tuko wiki ya kumi na moja. Nyumbani sijafika, huu mwaka wa tatu. Kitinda mimba wangu nilimwacha anatambaa, siku hizi anaongea kama redio, na Jumapili iliyopita alipopewa simu aliniamkia, "Shikamoo, mjomba." Mama watoto alicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kukaa handakini ingawa ilikuwa siku ya mapumziko.

Kwa hiyo nina malalamiko, na nimeyapa namba ili yasomeke vizuri kikaoni.

1. Kazi yangu, kama hujawahi kushuka kuiona, ni hii. Nakaa ndani ya handaki la zege, mita mia sita kutoka mnapolala kifudifudi na bunduki zenu. Juu ya kichwa changu kuna fremu yenye karatasi ya shabaha. Risasi inapita, karatasi inasema "tap", halafu mlio wa bunduki unakuja nyuma kama mjumbe aliyechelewa kikao. Navuta fremu chini kwa kamba, nabandika kikaratasi na gundi kwenye tundu, naipandisha, nanyoosha kibao chekundu kuonyesha risasi ilipopiga. Kwa siku ni mara mia mbili. Nawasikia wote kwenye simu ya handakini, na kwa wiki kumi na moja sijamsikia hata mmoja akisema, "Hapo nimekosa mimi." Kosa ni la risasi. Kama si la risasi, ni la upepo. Upepo ukitulia, ni langu, nimebandika vibaya.

2. Kamati imegawanyika makundi mawili. Daktari wa Meno anataka Sita na Nusu, risasi nyembamba na ndefu, ambayo anasema inakata upepo. Tajiri wa Malori anataka Mia Tatu na Nane, nene na nzito, ambayo anasema ilikuwepo kabla Daktari hajaota meno yake mwenyewe. Sita na nusu ni milimita, hilo nimelielewa. Mia tatu na nane ni ya nini, mpaka leo sijui. Nilimwuliza Tajiri mwenyewe, akaniambia, "We vuta kamba, mzee."

3. Inatafutwa risasi moja ya kazi mbili. Nimewasikiliza vya kutosha kujua kwamba ya kuwinda ikiingia kwenye nyama inatakiwa ifunguke, mnyama aanguke asiteseke. Ya shabaha inatakiwa ifike tu ilipotumwa. Mambo ya nyama haiyajui. Kutaka moja ifanye yote ni kama kutafuta kiatu cha kulimia ambacho pia utakiendea harusini. Mimi ninacho kiatu hicho. Harusini walinikalisha nyuma.

Halafu, Ndugu Katibu, kuwinda kwenyewe kuko wapi? Safari ya mwisho mlirudi na swala mmoja, naye aligongwa na gari la Tajiri wakati linarudi nyuma kutafuta njia. Nilimchuna mimi. Huku nachuna, wajumbe walisimama pembeni saa nzima wakibishana ni risasi gani ingemwua vizuri zaidi.

4. Jino. Nilipata maumivu makali, Daktari akanionea huruma, akanipokea bure kliniki kwake. Namshukuru. Lakini koleo likiwa mdomoni mwangu alianza kunieleza jinsi upepo wa kutoka kushoto unavyoisukuma risasi nzito kwenda kulia, na mkono wake nao ukaenda kulia. Aling'oa la jirani. Nilipomwonyesha akasema, "Umeona? Ndiyo yale yale ninayowaambia."

5. Bega lako. Sitaki kuingilia.

6. Majaribio yanatakiwa yaishe ili kamati ipige kura. Lakini kila kundi likishindwa linasema yale hayakuwa majaribio, yalikuwa mazoezi. Tumefanya mazoezi mara kumi. Jaribio la kwanza bado.

Sasa, mtu hawezi kulalamika tu halafu aondoke bila kuacha msaada. Nilianza kwa kupendekeza kwenye simu kwamba shabaha iletwe mita hamsini, ambako risasi zote mbili zinapita tundu lile lile na hakuna wa kumcheka mwenzake. Daktari akasema mita hamsini hata shangazi yake anapiga. Nikasema basi shangazi aingizwe kwenye kamati.

Nikafikiri tena. Nikaona labda karatasi ndiyo mchokozi, tuitoe kabisa. Mtu atapiga hewani, atarudi kantini akiwa ameshinda, na mimi nitakuwa nyumbani. Lakini nikajiambia, hawa ni watu wazima, wanahitaji tundu la kuonyeshana.

Ndipo nikafikia ombi langu rasmi, ambalo naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: risasi ya klabu iwe msumari wa inchi tatu.

Tafadhali usicheke kabla ya kumaliza. Msumari haupeperushwi na upepo. Hauna teke. Haumalizi mtutu wa bunduki. Tundu lake, ukiuzungusha kidogo, ni safi kuliko la Daktari na la Tajiri. Mtu wa handakini anatoboa nao katikati kabisa ya shabaha, kwa mkono, bila kuhema, na kila mwanachama anakuwa bingwa kabla ya chai ya saa nne. Kuhusu uwindaji, naomba ikumbukwe kwamba mpaka sasa msumari na risasi zote mbili zimeua idadi sawa ya swala.

Na usidhani nasema kwa kubuni. Nimeshaujaribu. Alhamisi Tajiri alikosa mara sita mfululizo, sauti yake kwenye simu ikaanza kuwa ya mtu aliyefiwa, nikamwonea huruma, nikamtobolea moja ya katikati. Alipiga kelele mpaka sikio likaniuma. "Mmeiona Mia Tatu na Nane! Mmeiona!" Ijumaa nikamtobolea Daktari, ili haki itendeke. Naye akasema yale yale, ila kwa sauti ya kliniki.

Kazi hii haihitaji mimi. Mlinzi wa geti anaweza kuifanya, nimeshamfundisha. Nitamwachia msumari, rula na gundi. Kwa hiyo naomba kamati iupitishe msumari wiki hii na wewe utie sahihi kwenye fomu yangu. Mwanangu akifika miaka minne akiwa bado ananiita mjomba, nitamtuma aje kukusalimia wewe, umweleze babake ni nani.

Nisalimie Mwenyekiti, nisalimie mpishi wa kantini na umwambie kalamu nitairudisha, nisalimie mlinzi wa geti na nyumbani kwake, msalimie Tajiri na madereva wake wote, na Daktari umwambie lile jino lenyewe bado lipo.

Ni mimi mfanyakazi wenu, mwenye nguvu kidogo zilizobaki,

Mvuta shabaha, handaki namba mbili.

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha tarishi wako aliponiletea karatasi. Kumbe mmepiga kura jana, mmechagua Mia Tatu na Nane, na likizo yangu inaanza Jumatatu. Nashukuru sana. Lakini, Ndugu Katibu, kwa heshima zote, mmekosea vibaya. Upepo wa saa tisa, pale mita mia sita, unaisukuma ile nzito shubiri nzima zaidi ya Sita na Nusu. Nyinyi mko kule mmelala. Mimi ndiye ninayeyaona matundu, na yale ya msumari nimeyatenga. Jambo hili haliwezi kuachwa hivi hivi. Naomba likizo yangu iahirishwe wiki mbili, nije kikaoni na karatasi zangu nilizozihifadhi chini ya godoro. Nimempigia mama watoto nikamweleza yote kwa utaratibu: uzito, upepo, masafa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu. Sikujua kwamba naye ni mtu wa Mia Tatu na Nane.