Mtandao Wangu wa Maandishi Matupu

Jumatatu, 3 Februari

Nina kompyuta! Hoteli imetupa zile kuukuu za ofisini, na mimi, Jaafar Mwero wa dobi, ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika jalalani. Owen wa mapokezi alicheka. Akaniambia eti buda, ndivyo vijana wa bara wanavyotuita wazee, hiyo ni ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kicheko cha mbara mwenye simu mpya. Nilimtazama tu, kama mtu anayejua jambo.

Na jambo ninalo. Mzee Sefu, mwenye ile nyumba ya wageni ya vigae vyekundu mkabala na hoteli yetu hapa Diani, anatafuta msimamizi. Aliyekuwapo amerudi kwao Ramisi. Mzee ni mtu wa Vanga, ila anaishi Maskati tangu ujana wake, na ameacha maagizo kwa majirani: anayetaka kazi amwandikie barua pepe, asimpigie simu. Jibu atalitoa kabla ya Shaabani kwisha. Msimamizi anapewa vyumba viwili vya uani na jiko lake.

Jiko lake! Tangu nimuoe Shutu tunakaa kwa mama yake huku Munje. Kila chungu anachokiinjika motoni kinafunuliwa, kinaonjwa na kuhukumiwa. Juzi Shutu aliniambia bila kupepesa macho kwamba futari ya kwanza ya Ramadhani hii ataipika jikoni kwake, iwe ni kwa mume huyu au kwa mwingine. Nadhani alikuwa anatania. Sikuuliza.

Owen naye anaitaka kazi hiyo hiyo. Haidhuru. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jumanne, 4 Februari

Nimepeleka kompyuta kwa Griffin, fundi wa Ukunda. Akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Akasema mashine hii haina nguvu za kubeba mtandao wa siku hizi, itazimia kwenye ukurasa wa kwanza. Basi akachomeka kijiti chenye laini ya simu, akanitilia mtandao wa maandishi matupu. Skrini nyeusi, herufi nyeupe. Picha hamna, rangi hamna, matangazo hamna. Unashuka kwa mishale ya kibodi hadi neno unalolitaka, unabonyeza Enter, ukurasa unafunguka. JavaScript pia hamna. Nikamuuliza hiyo ni dudu gani. Akaniambia ni maagizo yanayokuja na kila ukurasa ili vitu vicheze na kurukaruka. Nikamwambia vema sana, mimi ni mtu mzima, sitaki vya kurukaruka.

Raha iliyoje! Habari za dunia nzima zinafunguka kabla sijamaliza chafya. Shutu akauliza picha ziko wapi. Nikamwonyesha: penye picha pameandikwa [PICHA]. Akauliza picha ya nini. Nikamwambia ya kitu fulani. Akarudi kukuna nazi.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya mikosi. Nimefungua barua pepe yangu. Ukurasa ukaniambia hauna kazi na mimi mpaka niwashe JavaScript. Sina cha kuwasha! Nikabonyeza neno “Msaada”. Msaada ukasema niwashe JavaScript. Nikabonyeza “Toleo la zamani”. Nikaambiwa toleo la zamani limefungwa. Nikahisi nimesemwa mimi.

Nikampigia Griffin kwa simu yangu ya vitufe, akanielekeza kwa watu wengine wa barua pepe, wadogo, wasiotaka makuu. Kweli, ukurasa wao ulifunguka kama mlango wa msikiti. Lakini ili kujiandikisha, wanataka uhakika kwamba wewe si roboti: andika herufi unazoziona kwenye picha hii. Chini yake: [PICHA]. Nikaandika PICHA. Wakakataa. Nikaandika SIONI KITU. Wakakataa. Nilikaa na mashine hii tangu alfajiri hadi saa ya kwenda kazini, na yenyewe ndiyo inayonishuku mimi kuwa mashine!

Leo kazini Owen alipita dobi akaniona nimenuna. Akanitolea simu yake, akasema niitumie kumwandikia mzee, ni dakika moja tu. Ng'o! Mpinzani hakukopeshi jembe ila anataka kuona unapochimba. Nikamshukuru kwa adabu, nikakataa. Akaniambia yeye keshatuma: video yake akitembea ufukweni na miwani ya jua, na wasifu wenye rangi na picha zake kila upande.

Jioni nilipitia dukani kwa Griffin, akaniandikisha kwa mashine yake yenye macho. Nina anwani mpya. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 6 Februari

Bismillahi. Nimemwandikia Mzee Sefu.

Nimeanza kwa salamu, maana mtu mzima haingiwi kama zizi. Shikamoo mzee wangu. Nimemuuliza hali, na hali ya watu wa nyumbani, na wajukuu, na joto la Maskati. Nimemuuliza goti, kwa kuwa bado sijamwona mzee asiyesumbuliwa na goti. Nimempa habari za huku: mvua haijanyesha, mihogo imekubali, Vanga barabara ni ile ile. Shutu anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu. Majirani hawajambo. Baada ya hapo nikaruka mstari, kama tulivyofundishwa shuleni, ili niingie kwenye shabaha.

Lo! Kumbe sanduku la kuandikia lina mistari michache tu, na salamu zangu zilikuwa zimelijaza. Enter ya kwanza ikanitoa nje, ikanitua juu ya neno TUMA. Enter ya pili ikaituma. Barua hiyoo, imeshavuka bahari! Salamu tupu. Sikuomba kazi, sikutaja nyumba, hata sikuaga.

Shutu amecheka mpaka akashika ukuta. Mke wa mtu haheshimu majanga.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetoka msikitini nimekuta jibu! Mzee ameandika marefu. Ameitikia salamu moja moja. Wajukuu hawajambo, joto la Maskati halisemeki. Goti, amesema, ni kweli linamsumbua, na nani aliyeniambia? Kisha ameuliza kama kule Vanga mikoko ya nyuma ya kwao bado ipo. Basi. Habari ya kazi hakuna, maana na mimi sikuitaja.

Nikajifunga kibwebwe upya. Shutu akanishauri niruke salamu, niende moja kwa moja kwenye kazi. Astaghfirullah! Mzee amekuitikia kwa ukarimu, kisha umrukie na haja zako kama kuku aliyeona mtama? Nikamsalimu upya. Safari hii nilihitaji na maneno ya pole, maana goti lilishathibitika. Nikampa dawa ya mwarobaini na mafuta ya ufuta. Nikamweleza mikoko. Nikaruka mstari.

Imekwenda tena! Vile vile!

Nikaandika ya tatu hapo hapo, ya kuomba radhi kwa kumwandikia mara mbili. Radhi haiombwi bila salamu. Nikajikumbusha nisibonyeze Enter. Nikajikumbusha sana. Mkono una akili zake.

Jumamosi, 8 Februari

Owen ana huzuni. Mzee hajamjibu. Anadhani labda video ni kubwa mno haifunguki. Nikampa pole kwa sauti ya chini, kisha nikaenda nyuma ya mashine za kufulia nikacheka peke yangu.

Mimi nimejibiwa! Nainakili hapa neno kwa neno, nisije nikadhani nimeota: “Mwanangu Jaafar, umenisalimu mara tatu na hukuniomba kitu. Siku hizi kila anayeniandikia ananitumia sura yake na mahitaji yake. Wewe hujanitumia hata picha. Kama una haja yoyote, sema.”

Kama una haja yoyote, sema!

Nilimwita Shutu nikamsomea. Akakaa kitako, akafuta macho kwa ncha ya leso. Akasema, mume wangu, mwandikie hivi: naomba kazi ya nyumba yako. Mstari mmoja, basi, usiongeze kitu. Nikamwambia sawa.

Lakini mstari mmoja! Mtu amekufungulia mlango wa ghala, uchukue konzi? Tena Griffin ameshanifundisha siri ya lile sanduku: usibonyeze Enter kabisa, andika mfululizo, maneno yatajipanga yenyewe. Ujuzi wote huu niupoteze kwa mstari mmoja?

Nikasubiri Shutu aende kuteka maji. Nikaandika bila kuruka mstari, bila kupumua. Kwamba nimesimamia idara nzima ya vitambaa katika hoteli ya kimataifa. Kwamba nasema Kijerumani kama maji. Kwamba yuko kijana mmoja wa bara anayemwandikia, mwenye miwani, asiyejua kusalimia wakubwa, ajihadhari naye. Na kwamba akitaka wa kunishuhudia, ampigie Bi Shutu binti Tembo, mkurugenzi mstaafu wa mahoteli. Nikatia nambari ya Shutu.

Nikashuka hadi TUMA. Ikaenda. Kamili, herufi hata moja haikukatika!

Nikaisoma tena pale penye barua zilizotumwa. Ndipo baridi iliponiingia. Mbona inanuka majivuno? Chini yake palikuwa na maandishi: “Umebadili nia? Unaweza kuirudisha barua hii. Washa JavaScript.”

Nimeizunguka nyumba. Mama mkwe akauliza kama nina minyoo.

Jumapili, 9 Februari

Nilikuwa nimekusudia kumweleza Shutu kwamba yeye ni mkurugenzi mstaafu. Wallahi nilikusudia. Nilikuwa nangoja achangamke.

Mchana alikuwa jikoni kwa mama yake akiparua changu. Simu ikalia, nambari ya ng'ambo. Sauti ya mzee ikamwuliza kama anaongea na mkurugenzi. Shutu akamwambia shikamoo baba, hapa yupo Shutu na samaki. Mzee akamsomea barua yangu yote. Nilikuwa mlangoni. Nilitamani kigae cha paa kinidondokee.

Mke wangu hajui kusema uongo, kasoro kubwa kwa mtu aliyeolewa na mimi. Alisema kila kitu. Kwamba mimi ni mumewe, nafua mashuka ya hoteli, na nayafua vizuri. Kwamba Kijerumani najua kusalimia tu. Kwamba Owen ni kijana mzuri, siku aliyokuja hapa kunitafuta alimwamkia mama mkwe shikamoo, ingawa kwa lafudhi ya kwao. Kwamba tunakaa kwa mama na yeye anataka jiko lake, ndiyo haja yetu yote, na tungelisema hivyo tangu jana lau si mimi kupenda maneno.

Mzee alicheka hadi nikamsikia kutoka mlangoni. Akauliza zile salamu ziliandikwa na nani. Shutu akasema zile ni za mume wangu mwenyewe, baba, hizo hazina uongo. Mtu huyu humsalimu hata paka wa jirani. Mzee akamuuliza angekuwa yeye angeiendeshaje nyumba. Shutu akajibu huku anaparua samaki. Waliongea hadi changu wakaisha magamba.

Halafu Shutu akanipa simu. Mzee akaitikia shikamoo yangu. Akasema nyumba imepata msimamizi, naye ni Shutu. Akasema atamwandikia yule kijana wa miwani, aone kama atatupokelea wageni jioni, maana mgeni hutaka kuona uso. Mimi nitakuwa wa mashuka na bustani, chini ya Bi Shutu. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, niendelee kumwandikia salamu zangu kila wiki, zinamfurahisha, ila nisije nikamwandikia kitu kingine chochote.

Mama mkwe alilia. Akasema sasa ataonja chungu cha nani.

Jumatano, 12 Februari

Tumehamia. Vyumba viwili vya uani, mlango wetu, ufunguo wetu. Tumbili wanapita juu ya vigae kama wenye nyumba. Shutu ameosha jiko mara mbili bila sababu. Ametia ufunguo kwenye pindo la leso yake, anaupapasa kila akipita. Leo mchana alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akafunika sufuria, akakaa mbele yake akitabasamu. Hakuna aliyekuja kufunua. Nilimwangalia nikafurahi hadi nikaona haya.

Owen ameanza zamu yake ya jioni. Ametuletea mkate wa siagi. Akaniambia amesikia kuhusu barua, akacheka, akasema hana kinyongo, buda. Mtu mwema kwa kweli. Nimemsamehe.

Nimetafakari sana. Ukitazama vizuri, ushindi huu wote umetokana na mtandao wangu wa maandishi matupu. Ningekuwa na JavaScript ningeirudisha ile barua, mzee asingepiga simu, na sasa tungekuwa Munje. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na barua ile ilikuwa ya hekima, ila ilikuwa fupi.

Shutu ananiita tena, chakula kinapoa. Nakula kwanza. Nikimaliza namtumia Mzee Sefu ushauri: nyumba yenye msimamizi, mpokezi na mtu wa bustani inahitaji sasa mkurugenzi mkuu wa kuwaunganisha, na mimi namjua mtu anayefaa. Wa kunishuhudia, nimeweka nambari ya Owen, daktari wa mambo ya utalii.

Nitamwambia Owen kesho, akichangamka.