Pazia la Kunong'onea

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Mlezi wa Wanafunzi, bosi wetu, ametangaza kikaoni kwamba Ijumaa Ofisi ya Ustawi itapata mkuu wa kitengo. Tuko wawili tu. Mimi, afisa ustawi, na mnasihi wa chumba cha jirani, ambaye moyoni namwita Bi Utulivu, kwa sababu hata kengele ya moto ikilia yeye humalizia chai yake kwanza. Wanafunzi wanamfuata kama kuku na mchele. Kwangu wanaingia waliopotea njia ya maktaba.

Sielewi. Maneno ninayo mimi! Ninaweza kumtoa nyoka pangoni.

Nikatoa wazo langu papo hapo. Pazia! Wanafunzi wanaona haya kutazamwa usoni. Basi tutundike pazia katikati ya chumba changu. Mwenye shida upande huu, msikilizaji upande ule. Jina halitajwi. Watu wananong'ona tu, ili hata sauti isijulikane. Mlezi akapenda. Bi Utulivu naye akasema amependa, ila anaomba sharti moja: msikilizaji asitamke neno mpaka mwenye shida agonge meza. Likapita. Fitina tupu! Anataka kunifunga mdomo.

Nyumbani nikawasimulia mke wangu na Daktari. Daktari ni binti yetu. Kwa kweli yuko mwaka wa kwanza tu wa udaktari, hapa hapa chuoni kwetu, lakini nilianza kumwita hivyo tangu chekechea, na majirani wameshazoea. Akauliza kama ni kweli msikilizaji haruhusiwi kukatiza. Nikamweleza kwa kirefu kwa nini sharti hilo ni la kijinga. Alikuwa na swali jingine, lakini chakula kikaisha.

Jumanne, 4 Machi

Pazia limetundikwa. La bluu, rangi ya kutuliza. Fundi cherehani anasema ni mabaki ya mapazia ya ukumbi wa mitihani. Sikumwambia Mlezi.

Mteja wa kwanza alikaa, kisha akanong'ona kuuliza picha ya kitambulisho inapigwa saa ngapi. Wa pili akalala. Kweli kabisa, akakoroma! Nami sharti limenifunga, meza haijagongwa, siwezi hata kukohoa. Nikakaa namsikiliza mpaka mapumziko ya mchana. Alipoamka alinong'ona ahsante sana, hajawahi kusikilizwa namna hii tangu afike chuoni. Nimepigwa na butwaa. Hata hivyo nimemhesabu kuwa mteja.

Wa tatu alikuwa na pumzi ya mtu mzima. Akanong'ona kwamba anaogopa wanafunzi, hasa wa safu ya nyuma. Mhadhiri! Nilikuwa na nasaha tayari, nzuri, za kuanzia utotoni mwangu. Hakugonga meza. Alisema yake, akapumua, akaondoka akipiga mbinja.

Kukaa kimya kunauma jamani. Nimetafuna leso mpaka pindo limefumuka.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepata kesi ya kunipa ukuu!

Msichana. Alikaa, nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akaanza. Anasoma udaktari kwa sababu baba yake ametaka. Kila akiingia chumba cha kupasulia maiti, anatafuta mlango. Hali chakula. Hapati usingizi. Wenzake wanadhani anaringa, kumbe anajificha chooni kulia. Anachokipenda ni upimaji wa ardhi, kutembea juani na kile chombo cha miguu mitatu. Mwisho wa kuhama kozi ni keshokutwa, Ijumaa. Ikipita hiyo, mlango umefungwa. Na kumwambia baba yake hawezi, maana baba huyo hujibu kabla swali halijaisha, na tangu yeye ni mdogo anamwita Daktari mbele za watu.

Hapo nilishangaa. Kumbe wapo wazazi wengine wenye mtindo huo! Tofauti ni kwamba wangu anaufurahia.

Akalia kidogo. Nikauma leso. Sina desturi ya kuguswa kazini, lakini leo niliguswa. Nilimwonea huruma mtoto wa watu, na baba yake nikamchukia. Mwanaume gani asiyeona mwanawe anakonda mezani pake?

Akagonga meza. Hatimaye! Nikamnong'oneza polepole: mwanangu, maisha ni yako. Hama kozi kwanza, kisha umwambie. Baba mwenye akili ataelewa. Asiyeelewa ni zuzu, na zuzu haombwi ruhusa. Akapenga kamasi. Kisha akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mia kwa mia, namwekea dhamana cheo changu.

Akaondoka akicheka na kulia kwa pamoja. Wasichana siwaelewi.

Daktari amekula sahani mbili usiku huu. Nikamwambia mke wangu, unaona, huyu wetu hana shida yoyote.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba! Msiba nyumbani mwangu!

Tulikuwa mezani. Daktari akasema baba, nina jambo kuhusu masomo. Nikamwambia najua, umeongoza darasa. Akasema hapana. Nikasema basi wa pili, si haba. Mama yake akaniomba ninyamaze. Ndipo akasema amehama. Asubuhi ya leo. Ameacha udaktari, yuko upimaji wa ardhi.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikauliza ni nani aliyempa upuuzi huu. Akajibu kwamba ni mzee mmoja wa hapo chuoni, mwenye busara sana. Nikasema mzee huyo ni mpumbavu, mvunja nyumba za watu, na nikimpata atanitambua! Mke wangu akakimbilia jikoni na kanga mdomoni. Mabega yalikuwa yanatikisika. Analia, maskini.

Upimaji wa ardhi! Na ajabu, ndiyo kozi anayoitaka yule msichana wa jana. Kuna mtu anawashawishi hawa watoto kwa makundi. Nimeanza kuona njama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsaka mzee huyo tangu asubuhi. Nikamvaa mhadhiri wa takwimu kwenye ngazi, nikamuuliza anawaambia nini mabinti wa watu. Akarudi ngazi moja nyuma, akasema yeye hata salamu hawapi. Pumzi yake nikaitambua. Nikamwomba radhi.

Siku ya mwisho ya kuhama, nami ningeweza kumrudisha! Ofisi ya usajili ilikuwa bado wazi. Nikatoka mbio, nikafika mlangoni pao. Nikashika kitasa, nikakiachia. Nilikuwa namkumbuka yule msichana wa juzi anavyovuta pumzi, sijui kwa nini. Nikageuka.

Chumbani kwangu nikamkuta Bi Utulivu amekaa upande wa msikilizaji, ananishikia zamu. Nikaona, na liwe liwalo. Nikakaa upande wa wenye shida, nikanong'ona ili asinijue. Nilisema mengi. Nikamshtaki binti, nikamshtaki mama yake, nikamshtaki mzee. Halafu likanitoka ambalo sikulipanga, kwamba naogopa. Akiacha kuwa Daktari, sijui nitamwitaje. Sijui hata anapenda nini. Nina binti chini ya dari yangu na sina habari naye.

Nikasubiri jibu. Kimya. Nikasubiri. Hakuna! Nilipofika koridoni ndipo nikakumbuka kwamba sikugonga meza. Lakini mnasihi mzima akose hata neno moja la hisani? Na hapo hapo nikajihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Sielewi kabisa.

Jioni Mlezi akatangaza. Mkuu wa kitengo ni Bi Utulivu. Mimi nimepewa usimamizi wa pazia, maana wanafunzi wanasema yule wa nyuma ya pazia anajua kusikiliza. Nikataka kupinga, lakini bosi alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimempigia magoti binti yangu anitajie huyo mzee. Akaniambia ni mimi.

Nikacheka. Hakucheka. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni mimi niliye nyuma ya pazia, na kwamba alikuja kwa sababu hiyo. Hapo ndipo mahali pekee anapoweza kumaliza sentensi mbele yangu. Nikafungua mdomo. Mke wangu akasema meza bado haijagongwa.

Basi akaendelea. Akasema ana baba wawili, wa pazia na wa sebuleni. Alimtii wa pazia, kwa kuwa ndiye aliyemsikiliza. Lakini yeye anampenda huyu wa sebuleni, na anachoka kumsubiri.

Machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha. Alipogonga meza sikuwa na la kusema, mimi! Nikamshika mkono tu. Tukakaa hivyo, mpaka mama yake akatuletea chai.

Nimetafakari sana baada ya hapo, na funzo nimelipata. Kosa ni la kitambaa. Chepesi mno! Kama binti amenijua, mhadhiri je? Kesho namwagiza fundi ashone pazia zito, lenye bitana, na Bi Utulivu ataona nani alistahili ukuu.

Na jambo lenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ardhi! Mipaka! Ramani za taifa zima! Binti alikuwa ananieleza kwamba hana haraka, kwamba kwanza anataka tu kuona kama ataipenda, na kwamba ananiomba kitu kimoja. Sikukisikia vizuri. Nilikuwa nimeshafika kwa jirani, namwambia Mpimaji Mkuu wa Serikali anaishi ukuta wa pili.