Makopo Sita na Madirisha ya Ghala la Asali

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri. Nimepata kazi kwa uongo.

Bwana Fazal, mwenye ghala la asali na nta kwenye barabara ya zamani ya misafara, alitaka msichana wa kuandika lebo. Akalalamika kwamba Bwana Afya anakuja Ijumaa kukagua, na asiporidhika ghala litafungwa. Nikajisikia nikisema nilikaa hospitali ya misheni na mambo ya afya nayajua. Kukaa, nilikaa. Siku kumi na moja, na matubwitubwi, mashavu yamevimba.

Kanipa kazi zote mbili! Nikishindwa, narudi Bukene kwa shangazi Apolinaria, kumenya karanga mpaka niolewe.

Jumanne, 2 Agosti

Nimekagua. Wafanyakazi watano, mtungi mmoja wa maji, kata moja ya kuchotea. Wote wanainywea! Hospitalini kila mgonjwa alikuwa na kikombe chake. Nimeosha makopo sita ya maziwa, nikaandika majina kwa rangi nyekundu. La kwangu nimelitia ua.

Naona haya kusema mbele ya watu, kwa hiyo nikabandika tangazo: kila mtu anywe kwa kopo lake. Anayejua kusoma ni Hilari peke yake, mchukuzi wa madebe. Akawasomea wenzake kwa sauti ya padri siku ya Ijumaa Kuu. Mimi nilikuwa nyuma ya madebe.

Jumatano, 3 Agosti

Makopo yamekataliwa. Hilari kasema babu yake alibeba pembe hadi Bagamoyo na wapagazi hamsini, kata moja njia nzima, akarudi mzima. Tena wanaokunywa chombo kimoja hawawezi kutiliana sumu. "Lakini kopo lenye jina langu, binti, ni kumwonyesha mchawi mlango."

Wote wakaafiki. Hata mimi niliona neno lake lina maana kidogo, nikalificha kopo langu.

Mama Ng'washi, mchujaji wa nta, ndiye adui yangu hapa. Alicheka mpaka akaweka chujio chini. Aliuliza kama huko hospitali walinifundisha kuandika majina kwenye vijiko pia. Sipendi anavyouliza habari za hospitali. Sipendi anavyoyatazama mashavu yangu.

Alhamisi, 4 Agosti

Mpango mpya: hewa. Sista wa wodi alikuwa akiingia kila asubuhi na neno moja, madirisha! Ghala lina madirisha matatu, yote yamepigiliwa magunia tangu sijui lini. Giza. Joto. Walipokwenda kula nikapanda juu ya madebe, nikang'oa magunia yote. Mwanga! Upepo!

Mama Ng'washi alirudi, akatazama madirisha, akanitazama. Akauliza kama nimemuuliza mtu kwa nini magunia yaliwekwa. Nikamwambia ujinga ni dada wa maradhi. (Nilisema! Kwa sauti!)

"Haya, mganga," akasema, akachukua majivu yake kwenda kusafisha choo, kama afanyavyo kila siku. Choo! Nani atatazama choo?

Nyuki watatu wameingia. Wamezunguka kidogo, wakatoka. Viumbe watulivu.

Ijumaa, 5 Agosti

Kumbe wale watatu walikwenda kuita ukoo.

Bwana Afya alifika saa tatu, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini. Alianza na madirisha. Akayasifu! Akaandika! Bwana Fazal akanikonyeza. Kisha ghala likaanza kuvuma. Kiangazi hiki hakuna ua hata moja porini, na sisi tuna madebe mia mbili ya asali.

Hilari alijitia ndani ya gunia. Bwana Fazal akaingia chini ya mkokoteni. Mimi nilikuwa ndani ya pipa. Bwana Afya alikimbilia mlango pekee unaofungika, akajifungia chooni karibu saa nzima.

Nilichungulia kwenye tundu la pipa. Mama Ng'washi alikuwa akitembea na kijinga cha moto kinachofuka moshi, polepole, kama mtu anayefagia. Kila alipomaliza dirisha, alipigilia gunia.

Bwana Afya akatoka, jicho moja limefumba. Akaandika kwamba choo hiki hakina harufu wala inzi, na katika Tabora yote hajakaa katika choo safi zaidi. Ghala limepita! Bwana Fazal akanishika mkono, akanishukuru kwa choo. Mama Ng'washi alisimama palepale, majivu miguuni.

Nikazipokea shukrani zake. Nikaenda kuandika lebo.

Jumamosi, 6 Agosti

Sikungoja chai. Nikamwendea Mama Ng'washi, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia shukrani zile zilikuwa zake. Akaitika marahaba, akaendelea kuchuja. Kisha akasema, "Nilikuwa namuuguza mwanangu, kitanda cha pili kutoka chako. Mashavu yako yalikuwa kama ya panya buku aliyeiba karanga."

Amejua tangu Jumatatu! Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba ana miaka tisa humu ndani na hajapata kucheka hivi. Lakini choo ni chake, na Bwana Fazal alijue hilo kutoka kinywani mwangu.

Nikaenda. Nikamwambia Bwana Fazal, nikiutazama ukuta. Amempa Mama Ng'washi cheo cha Msimamizi wa Afya na kanga mbili. Mimi nimebaki na lebo. Ya matubwitubwi sikuyagusa. Sharti lilikuwa choo tu.

Jumatatu, 8 Agosti

Bwana Jaffer wa Usoke, rafiki wa Bwana Fazal, ana kiwanda kidogo cha mikate, na Bwana Afya anakwenda kwake wiki ijayo. Kaomba aazimwe mtu. Mama Ng'washi kakataa kuacha nta yake. Nikajisikia nikisema kwamba nimefundishwa na bingwa wa miaka tisa, na kwamba hospitalini nilishughulika na mikate kila asubuhi. Kula si kushughulika?

Mama Ng'washi alikohoa mpaka akatoka nje.

Napanda treni Jumatano. Nachukua makopo sita na rangi nyekundu. Nimeambiwa tanuri la Bwana Jaffer limezibwa pande zote, halipati hewa hata kidogo. Nitaanzia hapo.

Nawe uliyeshika daftari hili, funga mdomo. Mungu anajua, Mama Ng'washi anajua, sasa na wewe. Ikomee hapo. Hasa isifike Usoke.