Stendi Iliyovaa Soksi

Jumatatu, 9 Juni
Riziki imepiga hodi! Mama Savita wa Mafiga anataka picha za ndani ya nyumba yake, vyumba vyote, aziweke mtandaoni apate wageni wanaokuja kupanda Uluguru. Nikimridhisha, nimepona. Nisipomridhisha, Dakawa. Mjomba Mwinjuma ameapa: kazi hii ya kamera ikinishinda, nakwenda kumfukuzia ndege kwenye mpunga wake. Mimi! Na debe mkononi!

Kuna kikwazo kimoja. Dominiko, mpiga picha mwenzangu, naye kaitwa. Mama Savita kasema atalinganisha picha.

Lakini akili ninazo. Kwa Mama Savita hakuna kinachokanyaga zulia kwa viatu. Basi nimekata kipande cha godoro langu, nikaivisha stendi ya kamera soksi nene za sponji, miguu yote mitatu. Mama kafurahi, kasema nimelelewa vizuri. Dominiko katoka kwenye harusi Mkuyuni, stendi yake imejaa matope. Kaambiwa asubiri barazani. Hahaa!

Jumanne, 10 Juni
Balaa. Picha zote zina ukungu. Sebuleni kila kikombe kina pacha. Saa ya ukutani imeota mishale. Picha ya bafuni tu ndiyo safi, hata povu la sabuni unaliona. (Kule niliivua stendi soksi zisilowe.) Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Bafuni hakuna feni! Mchawi nimempata.

Mama kanivumilia, kasema nijaribu tena kesho. Adabu hailali njaa.

Jumatano, 11 Juni
Nimezima feni zote. Mama anajipepea na gazeti. Hetvi, binti yake, kauliza kama nimekuja kupiga picha au kuwapika. Picha? Ukungu vilevile!

Dominiko, ambaye bado anasubiri barazani, kachungulia dirishani. Kwa upole kabisa, mnafiki yule, kaniambia ndani mwanga ni mdogo, jicho la kamera linabaki wazi muda mrefu, kwa hiyo stendi isitikisike hata kidogo. Eti niivue soksi. Loo! Anataka nitolewe nje kama yeye. Nimemwambia kila mtu ashike lake.

Ila hilo neno la kutikisika limeniingia. Malori yanapita pale nje, sakafu inatetemeka. Dawa yake ni sponji zaidi. Godoro bado lipo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimelala juu ya chaga tupu, mbavu zinawaka moto. Lakini stendi imenona!

Nikaisimamisha sebuleni, nikabonyeza. Kamera ikaanza kuyumba yenyewe, polepole, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao. Hetvi kacheka mpaka kakaa chini. Mama hakucheka. Kaniuliza kama nataka wageni wadhani nyumba yake iko majini.

Kamwita Dominiko. Huyo katoa shikamoo, kaomba maji, kaosha miguu ya stendi yake bombani, kaikausha, kisha kauliza kama anaweza kukunja zulia kidogo. Mama kamruhusu! Kumbe zulia linakunjwa! Picha zake unahesabu nyuzi za pazia. Kapewa kazi yote.

Nimeumia, sifichi. Nilijifanya naangalia dari ili machozi yasishuke.

Jumapili, 15 Juni. Dakawa
Mjomba kanipa debe na kombeo. Ndege ni wengi na hawana heshima.

Ila huku shambani mtu anapata nafasi ya kufikiri, nami nimekwishajua kilichoniponza. Ni mji. Mafiga kuna malori, kuna kelele, kuna watu wa kuchungulia madirishani. Dakawa kumetulia. Na mjomba anatafuta wanunuzi wa mpunga kutoka Dar! Nimemwahidi picha ya ndani ya ghala itakayowatoa udenda. Kaguna, lakini kasema akiiona nzuri, debe atampa mtu mwingine.

Jioni nimeingia ghalani. Sakafu ngumu, ina vumbi, na kamera ni mali. Nikatafuta pahali pa heshima. Nimeisimamisha stendi juu ya rundo la pumba, laini kabisa, ikazama mpaka magotini.

Picha imetoka na ukungu.

Hawa ndege wanapiga mabawa kwa nguvu mno. Kesho naanza nao.