Landrova ya Mama Elinipa

Mtu mwingine akiona gari linavuja mafuta hukunja uso. Dismasi wa Bangwe alitabasamu, kisha akakumbuka adabu, akavua kofia kama aliyefika msibani.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu ya Mama Elinipa, ofisa mifugo mstaafu aliyeletwa Kigoma kikazi kutoka Upareni na sasa alikuwa anafungasha kurudi kwao kwa treni. Dismasi alikuwa dalali wa kila kitu: viwanja, mbuzi, na kwa maneno ya majirani, majeneza yaliyotumika. Akaomba ruhusa, akalala chali chini ya gari, na huko akaiona riziki yake ikidondoka tone kwa tone.

Klachi ya gari lile husukumwa na mafuta yanayopita kwenye kibomba chembamba, kutoka kwenye pedali hadi ubavuni mwa giaboksi. Nati ya kibomba ilikuwa imelegea. Ndiyo maana pedali ilizama mpaka sakafuni na gia zilikataa kuingia. Kazi ya spana moja na chupa ya mafuta ya breki. Nati ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, lakini Dismasi akishafurahi huwa haoni vitu vidogo.

Alitoka chini na uso wa daktari anayetafuta maneno.

"Mama, giaboksi imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Ilishazikwa, mama. Hapa tunaongea na bodi tu."

Mama Elinipa akakaa juu ya sanduku, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Dismasi alimwonea huruma kidogo, akaizuia huruma hiyo isije ikamharibia kazi. Akaeleza kwamba chuma chakavu hakina soko, ila kwa kumheshimu angemwondolea mzigo huo kwa kubadilishana na mashine ya boti, nzima, inayonguruma vizuri. Kaka yake mama huyo alikuwa mvuvi huko kwao, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama akasitasita, akaguna, mwishowe akakubali kwa sharti moja: Dismasi arudie mbele ya majirani kwamba giaboksi ni mbovu, wasije wakasema ofisa mzima amemdhulumu kijana wa watu. Dismasi alirudia kwa sauti ya mnadani.

Sasa, mashine ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Scola wa Ilagala, aliyemwachia aitafutie fundi wa kusafisha kabureta. Bila hiyo boti yake haitoki kufuata dagaa, na boti isipotoka nyumba nzima inakodolea macho chungu kitupu. Hesabu za Dismasi zilikuwa fupi: anakaza nati, anauza Landrova kwa wafanyabiashara wa Kasulu, ananunua mashine mpya, na mkwe anamwona malaika. Tena ilibidi afanye upesi, kwa sababu Bi Scola akiagiza, Dismasi hutenda kwanza. Maswali hujiuliza mwenyewe baadaye, tena kimoyomoyo.

Mashine ikafungwa pamoja na mizigo ya mama ya kwenda stesheni, na vijana wakaisukuma Landrova kwenye mteremko mpaka kwa Dismasi. Akakaza nati, akamimina mafuta, akaingia chini kutoa upepo kwenye kibomba, mkewe Melania akiwa juu kwenye pedali.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Melania akauliza mashine ya mama iko wapi.

"Kwa fundi, Ujiji. Kanyaga."

Mapovu yakatoka, yakaisha. Nati ikabaki kavu, pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Dismasi akapanda, akawasha, akatia gia ya kwanza. Ikaingia laini kama kisu kwenye parachichi. Akaachia klachi. Chini kukasikika kokoto zinatwangwa kwenye kinu, na Landrova ikabaki pale pale. Akajaribu gia ya pili, ya tatu, hata rivasi. Kokoto zilezile.

Ndipo jasho lilipomtoka. Klachi isipofanya kazi, nani atajaribu gia? Naye alipoona ubovu mdogo aliodhani mwenye gari haujui, hakutafuta mwingine. Akapiga simu. Treni ilikuwa imeshapita Uvinza.

"Mama, umenipa gari giaboksi imekufa."

"Si wewe uliyeniambia, baba? Mbele za watu. Nikasema mtaalamu hakosei." Magurudumu ya treni yakasikika nyuma ya sauti yake. "Na kile kibomba usikikaze sana, nati yake imechoka. Hata mimi nilipoilegeza nilikwenda nayo taratibu."

Simu ilikuwa bado sikioni pale Bi Scola alipoingia uani, kapu kichwani, ametoka Ilagala asubuhi hiyo. Dismasi akainama akamwamkia. Bi Scola akasema amefuata mashine yake. Melania, asiyejua kitu, akamjibu kwamba iko Ujiji kwa fundi.

Bi Scola akaizunguka Landrova, akaupapasa mlango wake kama anayechagua ng'ombe, kisha akapanda mbele, akapakata kapu lake.

"Twende tukaichukue, mwanangu. Kumbe mkwe wangu siku hizi ana gari, na mimi najibana kwenye mabasi ya watu."

"Lakini Mama, hii leo inataka kusukumwa."

"Sukuma, baba. Mimi sina haraka."

Melania akashika usukani, akamtazama mumewe kwenye kioo, akaanza kuelewa. Dismasi akazunguka nyuma, akaegemeza bega, akaanza kusukuma kuelekea Ujiji, ambako hakukuwa na fundi wala mashine.