Saa za Sala katika Telefone Yangu

Jumatatu, 23 Februari
Ramadhani, siku ya sita. Kwenye bariyeri ya kuingia Beni, askari sasa wanapekua telefone. Malachie, dereva mwenzangu, alikutwa na ujumbe wa kundi letu la madereva, lile linalotuambia kama barabara ni salama. Wakamuuliza: "Hizi habari unapelekaka kwa nani?" Akakalishwa chini asubuhi hadi jioni. Furaha, mke wangu, anaogopa. Mimi pia, ila sisemi. Nitoke kundini? Hapana! Butembo hadi Beni bila habari ni kuendesha Fuso macho yamefumbwa.

Jumanne, 24 Februari
Akili ni mali! Kitsa, fundi wa telefone, amebadilisha sura ya programu ya ujumbe. Sasa ni mwezi mwandamo, jina lake "Saa za Sala". Ukiibonyeza unaona mwezi tu, mpaka uandike namba ya siri. Bariyerini askari aliutazama, akanirudishia telefone, akaniomba nimwombee dua. Gamaliel, msimamizi wa kundi, eti yeye husoma ujumbe, huufuta, hunyamaza. Ujanja gani huo? Namhurumia.

Jumatano, 25 Februari
Aibu. Nilirudi na mzee Fadhili, baba mkubwa wa Furaha, pamoja na wachuuzi watatu wa vitenge. Karibu na Kabasha tukakwama matopeni. Mvua, mawingu, jua halionekani. Mzee alikuwa ameuona mwezi wa telefone yangu asubuhi. Akasema: "Jumaine, angalia kama saa ya kufuturu ilishafika." Nikautazama mwezi. Mwezi ukanitazama. Njaa ndiyo iliyojibu: imefika. Sote tukafuturu. Nilikuwa na sambusa ya pili mkononi adhana ilipoanza kusikika kutoka kijijini. Watu wanne watalipa siku kwa sababu yangu. Watano, pamoja nami.

Alhamisi, 26 Februari
Mzee Fadhili amekuja nyumbani. Hana hasira na mimi, kosa ni la programu. Kitu kinachodanganya watu kuhusu ibada, akasema, hakikai katika familia yake hata dakika moja. Akamwamuru binti yangu Sifa aifute. Ningeweza kusema ukweli. Lakini ukweli ungefichua pia nani aliruhusu zile sambusa. Nikampa Sifa telefone. Sifa akafuta. Kundi limekwenda. Ili kurudi, lazima nimwombe Gamaliel. Bora nile matope ya Kabasha.

Ijumaa, 27 Februari
Niliondoka na kabichi, bila habari yoyote. Gamaliel alipiga simu mara sita. Nilijua: anataka kunicheka. Sikupokea. Kijijini Maboya, mama Kavugho, muuza ndizi, akasimama katikati ya barabara, mikono juu: "Lakini baba Sifa, unaenda wapi? Benzako boote balisharudia!" Madereva wote walikuwa wamegeuza: risasi zilikuwa zimesikika huko mbele. Habari ilikuwa kundini tangu alfajiri. Na aliyempigia mama Kavugho anizuie? Gamaliel. Nilizima gari. Kisha nikageuza kurudi. Nyumbani Furaha hakunigombeza, alilia tu. Hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi, 28 Februari
Gamaliel amenirudisha kundini bila neno. Hata kunicheka amekataa, mtu mbaya huyu! Furaha akasema: "Baba Sifa, soma, futa, nyamaza. Hapana kuongeza kitu." Nimeapa. Mkono juu, na mfungo mdomoni.

Jumapili, 1 Machi
Kiapo nakiheshimu. Nasoma, nafuta. Ila nilipita kwa Kitsa, kumsalimia tu. Kosa langu nimeliona: niliificha programu mahali ambapo Waislamu wenzangu hupatafuta. Sasa ina msalaba na jina "Nyimbo za Misa". Hakuna mzee wa msikitini atakayeniomba niifungue! Kesho naelekea Beni. Wanasema bariyerini kuna askari mpya, Maliro, mwenye rozari shingoni, na tangu asubuhi anatafuta watu wa kuimba naye. Vizuri sana. Mtu wa ibada hawezi kunisumbua.