Honi Tatu za Kupanda Mbaga

Jumatatu, 3 Agosti 1987. Mombasa.

Bahati na mimi, Eliufoo, tulizaliwa siku moja. Leo nimenunua gari! Milango minne, usukani, kioo cha kujitazamia. Lilikuwa la daktari Mzungu anayerudi kwao Ulaya. Alikuwa akienda nalo kanisani tu, Jumapili kwa Jumapili. Aliponikabidhi ufunguo machozi yalimtoka. Watu chungu nzima walilitaka, akanichagua mimi kwa sura. Salimu, dalali wangu, ni shahidi.

Fedha ya tangawizi niliyouza misimu miwili imekwenda. Lakini ni kwa ajili ya Mama. Yuko hospitali Gonja tangu Juni, alivunjika mguu shambani. Ijumaa anaruhusiwa, plasta hadi gotini. Kwetu Mbaga, juu mlimani, basi halipandi. Mgonjwa hupandishwa kwa machela, begani mwa wanaume wanne. Mama hataki! Kaniandikia kwa mkono wa nesi kwamba machela atapanda siku moja tu, na siku hiyo hatakuwa anaongea. Anataka kuingia kwake ameketi, watu wamwone.

Na machela ya nani? Ya Melkizedeki, mume wa dada yangu! Ndiye mpiga pembe wa msaragambo kijijini. Akipuliza mara tatu, kila mtu anatoka na jembe kwenda kuchimba barabara au mfereji. Asiyetoka anatozwa mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa. Cheo kimempanda kichwani. Nilipoaga kuja kununua gari, kanitangazia mbele za watu kwamba litafika Mbaga siku maji yatakapopanda mlima.

Tutaonana, shemeji.

Gari lina harufu kidogo. Salimu anasema ni dawa za daktari.

Jumanne, 4 Agosti. Taveta.

Nimetoka Mombasa kabla ya jua. Gari linakwenda! Breki zipo, ila zinapenda kuombwa mapema. Nilifungua tundu la hewa, manyoya meupe yakanijaa usoni na mdomoni. Mito ya Ulaya hiyo. Wazungu hulalia manyoya, mimi nimetembea, najua.

Voi nilisimama kula. Nikakuta yai chini ya kiti cha nyuma. La moto! Nililitazama sana. Nikasema: huyu ndiye Eliufoo, hata gari lake lina baraka. Nikaomba mama muuza chai anichemshie.

Toka Voi hadi Taveta ni vumbi tupu. Mlango mmoja ulianguka. Nimeufunga kwa kamba ya katani. Wapare hatusafiri bila kamba.

Jumatano, 5 Agosti. Mwanga.

Mpakani Holili. Afisa wa forodha mpole, mwenye miwani. Kakagua karatasi, kakagua injini, kafungua nyuma. Karudi na yai la pili mkononi. Kaniuliza, taratibu kabisa, kama nina kibali cha mifugo. Nikamwambia, mkubwa, hilo ni la kula njiani. Akaniuliza mbona lina joto. Nikasema, nchi yenyewe ina joto. Akanigongea muhuri akicheka. Yai akabaki nalo.

Karibu na Kifaru maji ya injini yalichemka kama ya ugali. Nikakaa kwenye bonde, jua la utosi. Akatokea kijana wa Kimaasai na ng'ombe wake, jina lake Lembris. Akanipa dumu la maji, na malipo hakutaka, alitaka lifti tu hadi Mwanga. Ng'ombe akamwachia mdogo wake. Tulikwenda kama dakika kumi, pua kaishika. Akaniomba nisimamishe. Akasema, mzee, asante, lakini humu wanaishi ndege, acha nitembee. Akafika Mwanga kabla yangu! Nimemkuta sokoni anapunga mkono. Nimempa sabuni mbili za kunukia, katika zile nilizonunua Mombasa. Kijana mzuri, ila hajazoea vya Ulaya.

Alhamisi, 6 Agosti. Same.

Nyumbani! Mke wangu, Stumai, kalizunguka gari mara mbili. Kaniuliza wamekufa wangapi humu. Nikamweleza habari ya daktari. Akasema analiweka moyoni kwanza, maana yake atalifikiria. Sabuni nilizobakiza nikagawa mtaa mzima, watu wana mwaka mzima wanafulia majani ya mpapai. Ya Stumai nikasahau. Hilo nalo kaliweka moyoni.

Jioni kwa Linus, fundi. Kaingia chini ya gari, katoka na sura ya msiba. Klachi imekwisha. Itafika Gonja kwa sababu ni tambarare, Mbaga haipandi. Honi nayo imekufa. Akasema muda uliobaki unatosha kazi moja: klachi au honi. Anayo honi kubwa ya lori la shamba la mkonge, ikilia hata Kilimanjaro inageuka.

Nikafikiria. Melkizedeki ana pembe. Nitaingiaje Mbaga kimyakimya, kama mtu anayerudisha ungo wa kuazima?

Honi! Linus akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Nikaijaribu. Nzito, ndefu, inatoka tumboni. Kuna kitu inanikumbusha, sijui nini.

Ijumaa, 7 Agosti. Mbaga.

Leo lazima niandike yote.

Gonja nilifika mapema. Nikampa Mama shikamoo, akaitikia marahaba huku analitazama gari. Tukampakia mbele, plasta juu ya gunia. Nikamweleza habari ya daktari Mzungu. Akanusa. Akaniuliza huyo daktari alikuwa akitibu nani.

Lakini alifurahi! Kila kijiji tulichopita alipunga mkono kama askofu.

Tukaanza mlima. Kona ya kwanza tumepita. Ya pili tumepita, naimba. Kona ya tatu, injini inanguruma na magurudumu hayana habari. Klachi imekwenda kwa baba zake. Na pale kwenye kona, kwenye jiwe, nani kakaa? Melkizedeki, na wanaume wanne, na machela! Kumbe alikuwa ananisubiri tangu asubuhi. Akasimama, akajikung'uta suruali, akasema pole shemeji, maji yamekataa kupanda. Akamwambia Mama karibu, blanketi limefuliwa.

Mama akaitazama ile machela. Hakusema kitu. Mama yangu anasema hata usingizini! Akanishika mkono tu, wake wa baridi. 

Basi nikapiga honi. Ya kwanza kwa hasira. Ya pili kwa aibu. Ya tatu ndefu zaidi, kwa sababu sikujua la kufanya nikiiacha. Milima ikazirudisha zote tatu.

 Halafu nikawaona. Wanashuka kwenye vijia, wanatoka migombani, majembe begani, masururu, mapanga. Wanawake wanafunga vitenge wakikimbia. Watu arobaini! Ndipo nikakumbuka ile sauti. Ni pembe ya msaragambo! Mtoto wa kule kule, na nimesahau.

Mzee Ezra, mkubwa wetu kijijini, alifika wa kwanza, anahema. Akamuuliza Melkizedeki kazi iko wapi, maana kaacha uji jikoni. Melkizedeki akaapa hajapuliza, pembe yake iko nyumbani ukutani. Mzee Ezra akauliza nani basi kapuliza. Macho yote yakaja kwenye gari.  Mzee Ezra akasema taratibu, kama mtu anayepima unga: kwa hiyo dereva yeyote anaweza kutuita, na wewe tunakuweka wa nini?

Jasho la Melkizedeki nililiona kwa macho yangu. Pembe ikilia, hakuna kurudi na jembe safi. Akisema ni gari, cheo kimekwisha. Akisema ni yeye, kazi iko wapi?

Akakohoa. Akapanda juu ya jiwe. Akatangaza kwamba ndiyo, yeye ndiye aliyemwagiza shemeji yake apige, na kazi ya leo ni kumpandisha Mama huyu nyumbani, ameketi!

Ningeweza kumbusu.

Kamba za katani mbele, mabega nyuma. Mama kando yangu, mimi kwenye usukani, tunapanda! Wanawake wanaimba. Melkizedeki mbele anaamrisha kama mkuu wa mkoa. Kona ya mwisho gari likarukia jiwe, kiti cha nyuma kikafunguka, akatoka kuku mweupe, akapita dirishani akipiga kelele. Kilima kizima kikacheka. Melkizedeki akasema, shemeji, abiria wako kashuka bila kulipa.

Mama kaingia uani kwake ameketi. Watu wamemwona. Akanipapasa kichwa mbele ya wote, akasema, mwanangu, umenifikisha. Nililia. Vumbi.

Mzee Ezra kanitoza dengelua mitungi miwili, kwa kuita msaragambo bila cheo. Nimelipa nikicheka.

Jumapili, 9 Agosti. Mbaga.

Mama anatembea na fimbo uani, anafoka kwa kila mtu. Mzima! Nimelala usingizi wa mtoto siku mbili.

Gari liko pale pale liliposukumwa. Yule kuku karudi ndani mwenyewe, kaita na wenzake wa jirani. Stumai kapanda kutoka Same leo kumwona Mama, kachungulia dirishani. Akawahesabu kuku kwa kidole. Kisha akanitazama.

Kaniletea na barua iliyofungwa, Salimu kaituma kwa dereva wa lori. Voi kuna basi dogo! Bei ya kutupa, lilikuwa la masista, waliliendesha kwenda kusali tu. Kuna mbuzi wachache wanalala ndani kwa muda, watahama. Basi dogo! Same hadi Mbaga, wagonjwa wote wa mlima huu wanapanda wameketi! Melkizedeki nitamfanya kondakta. Naondoka kesho alfajiri, Stumai hajui. Honi ninayo tayari.

Jambo moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Habari ya daktari niliyoandika Jumatatu ni uongo. Daktari hakuwepo. Gari lilikuwa banda la kuku, nyuma ya nyumba ya shangazi yake Salimu, na kuku niliwatoa kwa mikono yangu mwenyewe. Nilihesabu vibaya.